Njia za Idjwi: ulizeni wale wanaobeba mzigo



Wengi mlituuliza kwa nini kundi letu halikuonekana kwenye mkutano wa Jumamosi iliyopita. Tulikuwa Idjwi. Tulikuwa watu 11: walimu wanne, wamama sita wa likelemba, na Koko wetu wa miaka 68 ambaye alikataa kabisa kubaki nyumbani. Tulikwenda kuwatembelea wamama wenzetu wa kusini mwa kisiwa, wale waliotufikia Bukavu mwaka jana. Siku ya kwanza na ya tatu zilikuwa za mikutano. Siku ya pili na ya nne tulitembea kwa miguu, ili tukijue kisiwa. Leo tunawaandikia juu ya kutembea huko, kwa sababu siku ya pili tulichagua njia vibaya, na siku ya nne tulichagua vizuri. Tofauti ya siku hizo mbili inafaa kila mama aijue, hata yule ambaye hatapanda boti kamwe.

Kwanza tuwaeleze mahali penyewe. Idjwi iko katikati ya Ziwa Kivu, kati ya Congo yetu na Rwanda. Kati ya visiwa vyote vilivyo ndani ya maziwa ya Afrika, ni cha pili kwa ukubwa, nyuma ya Ukerewe ya Tanzania. Ni teritware nzima, na makao yake ni Bugarula, upande wa kaskazini. Ina sheferi mbili: Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Wenyeji ni Wahavu, pamoja na Wambuti ambao wazee wao waliishi msituni. Vita vilipowaka pande zote za ziwa, kisiwa kilibaki na amani, na watu wengi walivuka maji kwenda kujificha huko.

Anayeona Idjwi kwa mbali kutoka Bukavu hudhani ni kilima kimoja kilicholala juu ya maji. Ukifika, unaona ni milima inayofuatana kama mgongo wa ng’ombe. Ziwa lenyewe liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na vilele vya kisiwa vinapita mita 2,000. Maana yake, kila njia inayotoka pwani ni njia ya kupanda. Mashamba yako juu ya miteremko: muhogo, maharage, ndizi, kahawa, na mananasi ambayo sote tunayajua sokoni. Kusini, juu ya mlima Nyamusisi, kimebaki kipande cha msitu wa asili. Huko ndiko tulikotaka kufika.

Tuwaambie ukweli: tulitaka kufika huko kwa kiburi kidogo. Walimu wawili kati yetu hufundisha jiografia. Kila mwaka tunachora Ziwa Kivu ubaoni, na hatujawahi kuliona kutoka juu. Tulisema, tukifika kwenye mgongo wa kisiwa tutaona upande wa magharibi milima ya Kalehe na Kahuzi, na upande wa mashariki vilima vya Rwanda. Ni kweli, mtu anaona yote mawili. Lakini hatukuwauliza wamama waliotupokea. Tulimuuliza kijana mmoja tuliyemkuta kando ya barabara. Akatuambia: «Iko njia fupi. Saa moja tu, mnafika.» Kwa miguu yake ya miaka 20, bila mzigo, labda ilikuwa saa moja.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Ilikuwa likizo ya Pasaka, na mnajua mvua ya mwezi wa nne inavyokuwa kwetu. Njia ile fupi ilipanda moja kwa moja, bila kuzunguka mahali popote. Udongo mwekundu ulikuwa kama sabuni. Tulishika majani, tukashikana mikono, wengine wakavua viatu. Tulicheka sana mwanzoni. Baada ya saa moja na nusu hakuna aliyecheka tena, na kilele bado kilikuwa mbali. Kisha tukafika kwenye korongo lenye kijito, na juu yake mti mmoja tu umelazwa kama daraja, umelowa, hauna pa kushika.

Koko alisimama akasema: «Wanangu, mimi sipiti hapa. Na ninyi msipite.» Hatukumsikiliza vizuri. Watatu walivuka. Wa nne, mwalimu mwenzetu, aliteleza katikati ya mti akaanguka kijitoni. Hapakuwa na kina kirefu, lakini mguu ulijipinda, na alipoinuka alishika tumbo kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipotuambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote isipokuwa mume wake: alikuwa na mimba ya miezi minne. Alinyamaza kwa sababu aliogopa tungemwambia abaki, naye alitamani kuona kisiwa. (Yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kuandika haya bila kutaja jina lake. Amesema: «Andikeni, ili mwingine asinyamaze kama mimi.»)

Hatuwezi kuwaeleza dakika zile. Telefone hazikushika mtandao. Kushuka kwa njia ile na mtu asiyeweza kukanyaga chini haikuwezekana. Tulianza kuita. Waliotusikia walikuwa wamama wawili waliokuwa wakishuka na vitunga vya mananasi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Walitoka pembeni, mahali ambapo sisi hatukujua kwamba kuna njia. Waliweka mizigo chini, mmoja akakimbia kuita watu, mwingine akakaa na mgonjwa wetu akamfunika kwa kitenge chake. Baada ya muda wanaume wanne walifika na tipoyi ya miti na blanketi.

Waliipitisha wapi? Kwenye njia ile ya wamama. Ilikuwa hatua 200 tu kutoka mahali tulipokwama. Ilizunguka mlima polepole, ilikuwa pana, na kwenye kijito ilikuwa na magogo matatu yaliyofungwa pamoja. Tipoyi ilishuka juu yake bila kutikisika sana, na kabla ya saa nane mchana mwenzetu alikuwa mikononi mwa muuguzi kwenye kituo cha afya. Mguu ulifungwa. Mtoto alikuwa salama. Usiku ule tuliimba na kulia pamoja.

Siku ya tatu, katika mkutano, tuliacha kwanza mambo tuliyopanga. Tukawaomba wamama wa kisiwa watufundishe jinsi wanavyochagua njia. Mama mmoja mzee alishangaa kidogo kwamba walimu wanauliza jambo kama hilo. Akajibu: «Sisi njia tunaipima kwa tipoyi. Kama watu wanne wanaweza kubeba mama mwenye uchungu wa kuzaa bila kumwangusha, ile ni njia. Kama hawawezi, ile ni njia ya mbuzi.»

Wengine waliendelea. Mmoja alisema wanatazama nyayo: njia yenye nyayo za watoto wa masomo na za wazee inapitika siku zote, lakini yenye nyayo za vijana peke yao ni ya haraka na ya hatari. Mwingine alisema njia ya asubuhi si lazima iwe njia ya jioni, kwa sababu mvua ya mchana inageuza mteremko. Mwingine akasema njia nzuri ina watu: mashamba yanayolimwa, nyumba inayotoa moshi, mahali pa kuita ukasikiwa. Mwanamke anayetembea peke yake huchagua ile yenye macho, hata ikiwa ndefu mara mbili.

Kisha mjane mmoja alizungumza juu ya njia nyingine, ile ya majini. Kwa miaka mingi bei ya kahawa upande wetu ilikuwa mbaya, na wanaume wengi wa Idjwi walipakia magunia kwenye mitumbwi wakavuka usiku kwenda kuuza Rwanda. Ile nayo iliitwa njia fupi. Wengi hawakurudi. Mume wake alikuwa mmoja wao, akamwachia watoto watano na miti ya kahawa. Leo analima miti hiyo na kuuza pamoja na wenzake mchana, kwa kilo, kwa mzani unaoonekana. Alitutazama akasema: «Njia fupi imekula watu wa kisiwa hiki.» Hakuna aliyeongeza neno.

Siku ya nne tulitembea tena. Mwenzetu mwenye mguu alibaki kwa wenyeji, na Koko akabaki naye wakimenya muhogo. Safari hii wamama wawili wa kisiwa walitangulia, nao ndio waliochagua. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya jua kuwaka. Walituonyesha kwamba njia za kusini ni za namna tatu.

Ya kwanza ni njia ya pwani, inayoenda kutoka kijiji cha wavuvi hadi kingine. Haipandi sana, ina kivuli cha ndizi, na asubuhi unakuta sambaza zimeanikwa juani. Hiyo inafaa mama mwenye mtoto mgongoni, na inafaa wazee. (Wanafunzi wetu wakumbuke: samaki hao hawakuwa wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.) Ya pili ni barabara ya udongo inayopita juu ya vilima. Ni pana, motari hupita, na mtu akichoka anaweza kurudi kwa pikipiki. Inafaa kundi kubwa, lakini jua lake ni kali, na vumbi au matope havikosi. Ya tatu ni njia za mashamba zinazopanda hadi msituni. Hizo ndizo nzuri kwa macho, lakini zinataka mwenyeji mbele, siku kavu, na watu wenye afya.

Tulichukua kipande cha pwani, kisha tukapanda kwa njia ya mashamba, ile ile iliyopitisha tipoyi. Tulitembea masaa matatu badala ya «saa moja». Tulipumzika kila tulipoona mti mkubwa. Na tulifika juu. Upande mmoja tuliona Kahuzi ikiwa na wingu kichwani, upande mwingine vilima vya Rwanda, na maji ya buluu pande zote mbili. Mwalimu mmoja wa jiografia alikaa chini akanyamaza kwa muda. Baadaye alisema kwamba ramani yake ya ubaoni ataichora upya.

Wakati wa kushuka tulisimama kwenye magogo matatu. Tukaona gogo moja limeanza kuoza. Wamama wakatuambia kwamba kila mwaka wao wenyewe huyabadilisha kwa salongo, bila kungoja mtu. Jioni ile tulichanga pesa kidogo tulizobaki nazo, na tukaahidi kuleta misumari na kamba nzuri. Kama mko tayari, tutazungumza jambo hilo Jumamosi. Magogo hayo yalimbeba mwenzetu. Kesho yatambeba mwingine.

Kwa wale wanaotaka kwenda Idjwi, au kupanda mlima wowote pamoja na kundi, tunawaachia maneno haya:

Nendeni wakati wa kiangazi mkiweza, mwezi wa sita hadi wa nane. Mkienda wakati wa mvua, tembeeni asubuhi, na siku inayofuata mvua kubwa ya usiku mbaki chini.

Kabla ya kuondoka, kila mmoja aseme hali yake bila aibu: mimba, presha, goti, mtoto anayenyonya. Kundi litembee kwa mwendo wa yule anayechoka kwanza, na yeye atangulie, asiachwe nyuma.

Msiulize tu «ni mbali?» Ulizeni: «Mama mwenye mzigo anapita wapi? Tipoyi inapita wapi?» Na muulizeni mwanamke, tena zaidi ya mmoja.

Bebeni maji, chumvi kidogo na sukari, kitenge cha ziada, shitingi ya mvua, na viatu vyenye meno chini. Semeni kijijini mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi.

Majini ni vilevile. Msipande boti iliyojaa kupita kiasi, hata kama ni ya mwisho ya siku. Vaeni jile za kuokoa maisha, msizikalie. Sisi wenyewe, tulipotaka kurudi, boti ya kwanza ilikuwa imejaa watu na magunia hadi maji yanakaribia ukingo. Mhudumu alituita: «Ingieni, nafasi iko!» Tulitazamana, tukakumbuka neno la mjane. Tukangoja masaa manne kwa boti nyingine, tukala bugali na sambaza pwani. Boti ile ya kwanza ilifika salama, tunamshukuru Mungu. Lakini hakuna kati yetu anayejuta kungoja.

Mwenzetu anaendelea vizuri, na ametembea mwenyewe hadi darasani juma hili. Koko naye anadai kwamba yeye peke yake ndiye aliyeona njia mbaya kwa macho. Ni kweli, Koko. Safari ijayo utatangulia wewe.

Tukutane Jumamosi.