Likizo hii, wapelekeni watoto Masasi na Newala

MZAZI, kama asili ya familia yenu ni Masasi au Newala, huenda watoto wako wanaijua safari hiyo kwa mambo mawili tu: msiba na korosho. Wanafika usiku, wanakaa siku tatu uani kwa bibi, wanarudi Dar es Salaam. Hawajaona kitu.

Masasi mjini, anzeni na milima ya mawe inayochomoza ghafla kutoka ardhi tambarare. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika hapa na kundi la watumwa walioachiwa huru, wakitokea Zanzibar. Walikuwa wakielekea Ziwa Nyasa, lakini wakaishia Masasi na kujenga kijiji. Mwaka 1882 walivamiwa na Wangoni, misheni ikahamia Newala. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, majengo ya Masasi yakachomwa moto. Ukimpeleka mtoto kwenye kanisa la Mtandi, lililo chini ya mlima, mweleze hayo. Darasani amesoma habari za utumwa. Hapa ataona mahali ambapo watu walioponyoka walianza maisha upya, zaidi ya mara moja.

Kijiji cha Lupaso nacho kiko Masasi. Ndiko alikozaliwa Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin Mkapa, mwaka 1938, na ndiko alikozikwa mwaka 2020.

Kutoka hapo barabara inapanda hadi Newala, mji uliokaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Kuna boma la kale la Wajerumani, na kuna Shimo la Mungu. Jina lisiwachanganye watoto: hapa ardhi inakatika na kuporomoka hadi bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Nendeni asubuhi au jioni, na wadogo washikwe mkono.

Ukiwa pale juu, muulize mtoto: maji yako wapi? Udongo wa uwanda huu ni wa kichanga, mvua inazama, na huku juu hakuna mito. Kwa miaka mingi akina mama walishuka mabondeni na kupanda tena na maji kichwani. Mradi wa kusukuma maji kutoka bonde la Kitangari ulianza miaka ya 1950, lakini mazoea ya kubana maji hayajaisha. Ndiyo maana bibi anakinga kila tone la mvua na kumpa mjukuu nusu ndoo ya kuogea. Si uchoyo. Hata hivyo, maji ya kunawa mikono kwa sabuni yasikosekane, na ya kunywa yachemshwe.

Mambo mengine mawili ya afya. Bebeni vyandarua, maana malaria ipo. Na kama mnakwenda kati ya Oktoba na Desemba, msimu wa korosho, mabibo watoto wale, ila wasing'ate korosho mbichi yenye ganda. Mafuta ya ganda hilo huunguza midomo na ngozi, na moshi wake wakati wa kukaanga huwasha macho.

Jioni, zimeni simu. Mtoto amsalimie bibi shikamoo, akae mkekani, kisha amuulize alikuwa akichota maji wapi alipokuwa msichana. Wanaoweza kulijibu swali hilo wanapungua kila mwaka.