Ufa wa Kuziba na Ufa wa Kuacha

Wahenga walipotoa usia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, walikuwa na ukuta mahususi mbele ya macho yao. Ulikuwa ukuta wa udongo, uliosimamishwa kwa miti na fito, ukajazwa matope na kukandikwa kwa mikono. Ukuta wa namna hiyo hauwezi kuficha maradhi yake. Jua kali linapofuata mvua, udongo hunywea na kupasuka. Mstari mwembamba huonekana kwanza karibu na dirisha, kisha hupanuka, maji yakaingia, fito zikaoza, na baada ya misimu michache ukuta ukalala chini. Kabla haijawa funzo la maadili katika vitabu vya shule, methali hiyo ilikuwa agizo la fundi kwa mwenye nyumba: kanda udongo leo, ama uanze upya kesho.

Agizo hilo limesafiri. Limebebwa kutoka mashambani na watu waliokuja Nairobi kutafuta kazi, nao wakaliingiza katika vyumba vya mabati vya Mukuru kwa Njenga, mashariki mwa jiji, si mbali na viwanda vinavyowaajiri wengi wao kwa vibarua. Huko chumba cha kawaida kina upana wa futi 10 kwa 10. Humo ndimo familia inamopika, inamolala na watoto wanamodurusu. Kuta ni mabati yaliyopigiliwa kwenye mbao, paa nalo ni la mabati, na wakazi walio wengi ni wapangaji. Ukuta wa bati haupasuki kama udongo. Huota kutu, hutoboka, na hupitisha joto, baridi na umeme. Kwa hiyo swali linalomkabili mkazi wa Mukuru si kama anaifahamu methali, kwani ameisikia tangu utotoni. Swali ni kama ufa ulio mbele yake ni wa kuziba au ni wa kuacha, kwa sababu katika nyumba hizo zipo nyufa zinazoua zikiachwa wazi, na zipo nyufa zinazoua zikizibwa.

Ufa ulio rahisi kuamuliwa ni ule wa paa. Bati hulindwa na tabaka la zinki. Tabaka hilo likishakwaruzwa au kuliwa na miaka, kutu huanza, na mara nyingi huanzia penye msumari. Fundi mwenye ujuzi hupigilia msumari juu ya mgongo wa bati, wala si bondeni, maana maji ya mvua hupita bondeni na hutafuta kila tundu. Chini ya kichwa cha msumari huweka kipande cha mpira ili kuziba mwanya. Bati la juu hulipanda la chini kwa sentimita 15 hivi, maji yasije yakarudi nyuma upepo unapovuma. Tundu dogo huzibwa kwa lami na kiraka siku ya jua, bati likiwa limesuguliwa na kukauka. Anayesubiri masika ndipo apande juu, hupanda juu ya bati lenye utelezi na mbao ambazo huenda zimeoza, naye huweza kuvunja paa na kiuno chake kwa pamoja. Hapa wahenga hawana mpinzani. Ufa huu ni wa kuziba, na wakati wake ni kiangazi.

Mambo hubadilika mtu anaposhuka kutoka paani na kutazama upenu. Katika nyumba ya nyasi, moshi wa kuni ulipenya taratibu kwenye mapaa, ukakausha nyasi na kufukuza wadudu. Nyumba ilipumua bila mtu kuiagiza ipumue. Bati halipumui. Pumzi pekee ya chumba cha Mukuru ni mwanya ulio kati ya mtambaapanya na paa, pamoja na ule ulio chini ya mlango. Ufikapo mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi hupenya kwenye mianya hiyo, na mpangaji, akiutii usia aliolelewa nao, huisokomeza matambara, magazeti na nailoni. Kisha huingiza jiko la makaa ili chumba kipate joto. Hungoja kwanza moshi uishe, akiamini kwamba hatari imekwisha pamoja nao.

Kwa hakika, hatari yenyewe ndiyo imebaki. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivi kwamba mtu huvuta pumzi kama kawaida ilhali mwili wake unakosa oksijeni. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, yaani zile zile ambazo mchovu wa kibarua angezitarajia baada ya siku ndefu. Ndiyo sababu hulala badala ya kutoka nje. Jiko la makaa halipaswi kulala ndani pamoja na watu, hata likionekana limefifia. Aidha, upenu unastahili kuachwa wazi katika pande mbili zinazoelekeana, na anayehofia panya auwekee wavu wa waya, si matambara.

Mwanya wa chini ya mlango nao una kazi yake. Familia nyingi zimeanza kutumia mitungi midogo ya gesi badala ya mafuta taa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa; ikivuja haipandi upenuni, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni na chini ya kitanda. Mlango uliozibwa chini kwa gunia huigeuza sakafu kuwa dimbwi lisiloonekana. Basi chumba cha gesi huhitaji njia ya hewa chini, kama kile cha makaa kinavyoihitaji juu. Ufa wa kuziba kwa haraka ni ule wa mpira wa gesi na maungio yake. Hupimwa kwa povu la sabuni: panapochomoza viputo ndipo panapovuja. Hakupimwi kwa kiberiti kamwe. Na anayenusa harufu ya gesi asiguse swichi, kuwasha wala kuzima. Afungue mlango, afunge mtungi kama anaufikia kwa usalama, awatoe watu nje.

Umeme ndio mgeni ambaye wahenga hawakumkuta. Umeme wa nyumbani nchini Kenya una nguvu ya volti 240, na katika vijiji vya mabati waya wake mara nyingi hupitishwa kwenye tundu lililotobolewa kwa msumari. Ukingo wa tundu hilo ni wembe. Upepo unapotikisa ukuta, wembe huo hukata ganda la plastiki kidogo kidogo hadi shaba ikaguse bati. Tangu hapo ukuta mzima, pamoja na wa jirani ulioshikamana nao, huwa waya mmoja mkubwa. Mama anayeanika nguo mbichi kwenye waya wa chuma uliofungwa kwenye ukuta huo huenda asipate nafasi ya kujua kilichompata. Pale ambapo umeme umeungwa kiholela, bila waya wa kuupeleka ardhini na bila kifaa cha kuukata unapozidi, hakuna kitu cha kumwokoa.

Mpangaji asiye fundi wa umeme ana machache anayoweza kuyafanya, lakini machache hayo si haba. Anaweza kutaka waya upitishwe ndani ya paipu ya plastiki kila unapolikabili bati. Anaweza kuanika nguo kwenye kamba ya nailoni. Anaweza kukataa kuchomeka pasi na kifaa cha kuchemshia maji kwenye soketi moja. Anaweza pia kuwafundisha watoto kwamba mtu aliyenaswa na umeme hashikwi kwa mkono: umeme hukatwa kwanza, na iwapo haukatiki, mwokozi husimama pakavu na kumsukuma kwa ubao mkavu. Kupanda mlingoti ili kurekebisha waya si ujasiri. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye kibali.

Ufa ulio mpana zaidi haumo ndani ya nyumba hata kidogo, nao ni uchochoro. Kila mwenye vyumba hutamani kuongeza futi moja mbele, na jirani yake naye futi moja, hadi uchochoro ukawa mwembamba kiasi cha mtu kupita kiubavu. Moto ukizuka, kuta zilizobandikwa maboksi kwa ndani ili kuzuia baridi huwa kuni, na gari la zimamoto hubaki barabarani. Kuliziba pengo hilo ni kuiziba njia ya kutorokea. Kadhalika mlango. Mzazi anayekwenda kibaruani alfajiri na kumfungia mtoto kwa kufuli la nje hufanya hivyo kwa mapenzi na hofu, kwani hana wa kumwachia. Lakini chumba kina mlango mmoja, na moto hauna ufunguo. Ufunguo ukiachwa kwa jirani, ufa huo umeachwa wazi kwa namna iliyo salama.

Mtaro nao ni ufa wa jamii. Mnamo tarehe 12 Septemba 2011, katika kitongoji cha Sinai kilichoko eneo la Viwandani, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba kuu na kuingia mtaroni. Watu walikimbilia kuichota, ikalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba kinachopita mtaroni ni jambo la kila mlango ulio kando yake, na kwamba harufu ya petroli ni amri ya kuondoka, si mwaliko. Miezi ya Aprili na Mei 2024 mvua kubwa ilipofurika, Mto Ngong ulivunja kingo zake na kuingia majumbani Mukuru. Mtaro uliojaa taka hauwezi kuzuia mto, lakini huamua kama maji ya mvua ya kawaida yatapita au yatalala sakafuni, penye soketi na magodoro. Mtaro husafishwa kabla ya mvua, tena kwa pamoja, maana anayesafisha mbele ya mlango wake peke yake huyasogeza tu maji kwa jirani.

Hapo ndipo swali gumu linapojitokeza. Je, kwa nini mtu akarabati nyumba isiyo yake, juu ya ardhi yenye mgogoro, iliyo karibu na tingatinga? Novemba 2021, nyumba nyingi za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa ili kupisha barabara, na maelfu ya watu wakabaki bila makao. Mwaka wa 2024 zilibomolewa nyingine zilizokuwa kandokando ya mto. Mpangaji aliyenunua paipu, wavu na mpira mpya wa gesi aliyaona hayo. Mwenye vyumba, ambaye huenda haishi hapo, hupokea kodi na kusema kwamba kiraka ni cha anayelala ndani. Kila mmoja ana sababu ya kungoja mwingine.

Sheria haikulinyamazia jambo hili. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha na yanayofikika pamoja na viwango vinavyofaa vya usafi. Mwezi wa Agosti 2017, Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, lenye kaya takriban 100,000, na wakazi wenyewe wakashirikishwa kuamua barabara, mitaro na maji vipite wapi. Kazi ya aina hiyo ndiyo inayoweza kuurudisha uchochoro. Haiwezi kufanywa na mpangaji mmoja na nyundo yake. Hata hivyo, mpangaji hawezi kuingoja kwa kila jambo. Hati ya ardhi huchukua miaka; kaboni monoksaidi huchukua usiku mmoja. Wavu wa upenuni haulindi mali ya mwenye nyumba, bali unalinda pumzi za wanaolala chini yake, nazo pumzi ni zao hata kama bati si lao.

Na wanafunzi wa Kiswahili wana sehemu yao katika kazi hii. Ibara ya 7 ya Katiba hiyo hiyo inaitambua lugha hii kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini vibandiko vingi vya tahadhari kwenye mitungi na vifaa vya umeme havimsemeshi mpangaji kwa lugha hiyo. Kamusi zinahifadhi upenu, mtambaapanya na kombamoyo. Mafundi wa Mukuru nao wana soketi, fyuzi na waya. Maneno haya hayajakutanishwa katika maelezo mafupi yanayoweza kubandikwa mlangoni na kusomwa na mtoto wa darasa la nne. Kuyakutanisha ni kazi ya isimu inayostahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi za chuo.

Vilevile ni kazi ya mwalimu. Siku atakapoiandika ubaoni methali ya ufa na ukuta mbele ya watoto waliolala usiku huo chini ya bati, asitosheke na maana batini waliyokwisha kuikariri. Awaulize nyumba zao zina nyufa ngapi, ziko wapi, na ipi kati yake wangeiziba leo. Kisha awaulize ni ipi ambayo, wakitaka kuamka kesho, hawana budi kuiacha.