Kasha la Bibi Harusi

Mwaka jana nilibahatika kuwa miongoni mwa wauguzi waliokwenda Beijing, China, kwa semina ya majuma matatu. Akina mama wenzangu, mnajua mambo ya safari: kila mtu nyumbani ana kitu anachokitazamia. Mimi nilikuwa na jambo moja moyoni. Binti yetu wa kwanza alikuwa amechumbiwa, nami nilitamani kumletea zawadi ya harusi isiyochakaa upesi kama mashuka na vyombo.

Jumamosi ya kwanza tulipelekwa kuona Jumba la Kifalme, ambalo watu huliita Mji Uliokatazwa. Milango yake mikubwa imepakwa rangi nyekundu na kupigiliwa vifundo vya rangi ya dhahabu, safu tisa za vifundo tisa tisa, jumla 81. Hesabu hiyo ilikuwa heshima ya mfalme. Raia hakuthubutu kuiweka mlangoni kwake.

"Dada, hiyo ni milango ya wafalme," aliniambia muuguzi mwenyeji wetu. "Jumamosi ijayo nitakupeleka ukaone milango ya watu kama mimi na wewe."

Basi tukaenda kwenye yadi moja ya samani nje kidogo ya mji. Milango ilikuwa imeegemezwa ukutani mmoja juu ya mwingine, mingi ikiwa imetoka jimbo la Shanxi katika nyumba zilizobomolewa. Sehemu ya juu ya milango hiyo ni wavu wa vijiti vya mbao. Zamani wavu huo ulibandikwa karatasi badala ya kioo, ili mwanga uingie na baridi ibaki nje. Sehemu ya chini ni ubao wenye nakshi.

Mwenyeji wangu alinisomea nakshi hizo kama mtu anayesoma barua. Komamanga ni dua ya kupata watoto wengi, kwa sababu ya mbegu zake. Samaki ni riziki inayobaki, kwa kuwa maneno hayo mawili hutamkwa sawa kwa Kichina. Na popo ni heri, kwa sababu hiyo hiyo ya matamshi. Nilicheka. Kwetu popo akiingia nyumbani tunamfukuza kwa ufagio!

Kisha nikaona jambo lililoninyamazisha. Ubao mmoja ulichongwa watu wanane, na wote hawakuwa na nyuso. Zilikuwa zimekatwa kwa patasi. Mwenyeji wangu alieleza kwamba mwaka 1966, Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza, vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiharibu vitu vya kale. Wengine waliziba nakshi zao kwa udongo ili zisionekane. "Bibi yangu alifanya hivyo," alisema. "Alipaka tope mlango wake mwenyewe usiku, mama yangu akimshikia taa."

Nilimwuliza mtu atajuaje kitu cha kale na kilichozeeshwa juzi. Akanijibu kwa lugha ya kazi yetu: mgonjwa hapimwi kwa kutazama nguo zake. Akakigeuza kiti miguu juu, akanionyesha.

Kwanza, tazama viungo. Mafundi wa enzi za Ming (1368 hadi 1644) na Qing (1644 hadi 1912) waliunga mbao kwa ulimi na tundu, mara nyingi bila msumari. Ubao wa kati hawakuugandisha kwa gundi. Waliuingiza katika mfereji wa fremu, upate nafasi ya kutanuka wakati wa unyevu na kusinyaa wakati wa ukavu. Pili, tazama mgongoni na chini, mahali ambapo fundi hakusumbuka kupamba. Ukiona mikwaruzo ya duara, huo ni msumeno wa mashine. Tatu, tafuta uchakavu wenye sababu. Kiti cha kweli kimelika kwenye ubao wa mbele ambapo watu waliweka miguu, na kwenye mikono walipoegemea. Kilichosuguliwa kwa msasa kimelika kila mahali sawasawa, hata pasipofikiwa na mtu.

Alinisimulia pia habari za Wang Shixiang wa Beijing (1914 hadi 2009), aliyetumia miaka mingi kukusanya na kuchunguza samani za Ming. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1985, na michoro ya viungo ilichorwa na mkewe, Yuan Quanyou. Mwaka 1993 samani 79 alizokusanya ziliingia katika Makumbusho ya Shanghai. Nilimfikiria yule mama, akiinama juu ya karatasi kuchora ndimi na matundu ambayo macho ya wageni hayayaoni.

Ndipo nikaliona kasha langu. Lilikuwa la mti wa kafuri, lenye komeo la shaba. Wanasimulia kwamba kusini mwa mto Yangtze, mtoto wa kike alipozaliwa wazazi walipanda mkafuri. Alipoolewa waliukata wakatengeneza makasha mawili ya nguo zake, kwa sababu wadudu hawaipendi harufu ya kafuri. Nililigeuza kama nilivyofundishwa. Viungo vya ulimi na tundu. Mgongo haukuwa na alama ya mashine. Komeo liliposogezwa, mbao chini yake ilikuwa na rangi nyingine, kama ngozi chini ya saa ya mkononi. Lilikuwa la kale kweli, na bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wangu!

Muuzaji alisema ni la enzi ya Qing. Mwenyeji wangu akanivuta pembeni. Tangu mwaka 2007, kanuni za China zinazuia vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya 1911 kutolewa nchini. Kitu cha kale kinachoruhusiwa kutoka hukaguliwa na kutiwa muhuri wa nta nyekundu. Kasha hili halikuwa na muhuri.

Muuzaji alitabasamu. "Si taabu. Nitaandika kwenye risiti kwamba ni jipya."

Akina mama, sitawaficha. Nilisimama pale na kalamu yake ikiwa tayari, nikiwaza uso wa binti yangu. Hakuna ambaye angejua. Lakini nilikumbuka jinsi kitabu cha Mithali kinavyokemea mizani ya uongo, nikajiuliza: je, nitamfungulia mwanangu ndoa kwa sanduku lililobebwa kwa uongo, ndani yake nimkunjie mashuka meupe? Na kasha lile lilikuwa la binti wa mtu. Nchi yake imekwisha kupoteza nyuso za kutosha. Nikasema hapana, asante. Mwenyeji wangu hakusema neno, ila alinishika mkono mpaka kituo cha basi.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Baba watoto aliposikia habari yote alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tumwite seremala wa hapa mtaani." Tulimwomba atengeneze kasha la mvule kwa ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja. Alilalamika kwamba kazi hiyo ni ndefu, lakini aliifanya. Kabla ya harusi tuliligeuza, na mume wangu akaandika kwa patasi upande wa chini jina la binti yetu na mwaka.

Ni kasha jipya, na limeandikwa kuwa jipya. Siku moja litakuwa la kale. Mjukuu atakayeligeuza kulichunguza hatakuta kitu cha kutuaibisha.