Droo Tatu za Kasha la Bibi

Bibi alipofariki, kasha lake lilikwenda kwa shangazi mkubwa, na hakuna aliyenung'unika. Lilikuwa kasha la msaji lenye misumari ya shaba, la aina ile iliyofika Zanzibar kwa majahazi kutoka Bara Hindi na Ghuba, bi harusi akaingia nalo kwa mumewe. Juu zilikaa khanga na hati za shamba. Chini zilijipanga droo tatu, na kila ukivuta moja, harufu ya udi inakupokea. Binti yangu alipoposwa, niliazimia kumtengenezea linalofanana nalo. Useremala nilijifunza ujanani, nikakadiria miezi miwili. Ilinichukua tisa.

Shangazi aliniruhusu kulipima kwa sharti moja: lisitoke chumbani. Nikalala kifudifudi sakafuni na tochi mkononi. Nimekua nalo kasha lile, lakini siku hiyo ndiyo niliyoliona. Upande wa mbele ni laini kama kioo, ila nyuma ya droo alama za randa zimeachwa zilivyo. Nikadhani ni uvivu. Kisha nikachungulia pembe, pale ubao wa mbele unapokutana na wa ubavuni. Meno yameingiana bila msumari hata mmoja, yamepanuka nchani ili droo ikivutwa yasichomoke. Fundi yule, ambaye hakuacha jina, alijiwekea akiba ya nguvu pasipo na kazi, akaimaliza yote penye mzigo. Miaka mingi mimi nimefanya kinyume: wageni wakiniona mkarimu, wa nyumbani wakipata mabaki yangu.

Mbao nilizipata za msaji wa Longuza, kule Muheza. Droo ya kwanza niliitia mahali pake Januari, upepo wa kaskazi ukivuma na jua kali. Ilikaa barabara, hata wembe usingepita ubavuni. Nikafurahi. Masika ya Aprili yalipokolea, haikuvutika. Nikaipeleka kwa mzee aliyenifundisha kazi. Akaishika, akaigeuza, akaniambia, "Mwanangu, mti ukishakatwa hauachi kupumua. Hukuuachia nafasi."

Nililijua jambo hilo, nikalipuuza. Ubao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba kwa upana wake, kwa urefu hauongezeki kitu cha kuonekana. Ndiyo maana fundi mwenye busara huacha upenyo kidogo juu ya droo, na ubao wa chini huuchomeka kwenye mfuo bila gundi, ucheze utakavyo. Akiubana, utapasuka au utapasua kilichoubana.

Usiku ule nilimfikiria binti yangu. Nilikuwa nikimpigia simu mara tatu kwa siku, nikimchagulia hadi mapazia ya nyumba atakayoishi, na moyoni nikisema ni mapenzi. Alikuwa ameanza kutopokea simu. Asubuhi nikachukua randa, nikapunguza ile droo. Kwake pia nikajipunguza.

Kasha lilipokaribia kwisha, jirani alinishauri nilipake majivu na kuligonga kwa mnyororo lionekane la kale, maana likiuzwa kwa watalii litaleta pesa nyingi. Nilikataa. Chini ya droo ya katikati nikaandika mwaka kwa patasi. Kufuata kazi ya waliotangulia ni heshima kwao. Kujivika umri wao ni wizi.

Leo kasha liko chumbani kwa binti yangu, na droo zote tatu zinafunguka masika na kiangazi. Nawe ndugu msomaji, kama kwenu kuna kasha la wazee, usikimbilie kuliuza. Lala chini ulitazame, lipime, uliza liliundwaje na nani alilirithi, maadamu wanaojua bado wako hai.