Kamwangaza

Siku ya Jumatatu, juma moja kabla ya kuwasilisha memwari yangu, niliwasha mashini na ekra ikabaki nyeusi. Feni ilizunguka, taa ndogo ya pembeni ikawaka, hata ule mlio wa kuanza niliusikia. Humo ndani mlikuwa na kurasa 92 juu ya viambishi vya udogo ka- na tu- katika Kiswahili cha Lubumbashi, pamoja na saa 11 za mazungumzo niliyorekodi Katuba na katika soko la Kenya. Nakala yangu ya mwisho kwenye kle ya USB ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Najua mtakayosema, wasomaji wenzangu. Mama yangu alikwisha kuyasema yote.

Fundi wa kwanza hakuifungua. Aliiwasha, akaitazama, akasema ekra imekufa na mpya ni dola 70. Sikuwa na dola 70, nikarudi nyumbani.

Usiku umeme ulikatika mtaani. Mashini ilikuwa bado inawaka kwa betri, maana sikuwa na moyo wa kuizima. Nilipowasha tochi ya simu kutafuta mshumaa, mwanga ukapita kwa ulalo juu ya ekra, nami nikaona herufi. Zilikuwa hafifu kama penseli iliyofutwa vibaya, lakini zilikuwa zangu. Kazi ya kwanza ilikuwa kunakili kila kitu kwenye kle, tochi mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukitafuta mshale mdogo gizani. Ilichukua karibu saa nzima.

Kisha, kwa kuwa usingizi haukuja, nikaanza kusoma. Tochi iliangaza mahali padogo tu, maneno manne au matano kwa mara moja. Sijawahi kusoma maandishi yangu polepole namna hiyo. Ukurasa wa 41 nikafika kwenye sentensi hii: "Katika mifano hii 19, ka- haionyeshi udogo, tumeiacha kando." Nilikuwa nimeipita mara nyingi, hata kwa fahari kidogo, maana ilionekana ya kisayansi. Mmoja kati ya mifano hiyo ni wa mama wa Katuba anayesimulia jinsi mtoto wake alivyolazwa hospitali siku tatu kwa "kamalaria". Pembeni nilikuwa nimeandika: kosa la kunakili? Betri ikaisha hapo.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi mwingine, mzee mwenye meza karibu na soko la Kenya. Nilimweleza habari ya tochi, akatikisa kichwa kama mwalimu aliyepewa jibu sahihi. Hata hivyo alijionea mwenyewe. Alimulika kwa tochi yake, akaunganisha mashini na televisheni ndogo iliyokuwa mezani, na ukurasa wangu wa 41 ukatokea pale, mkubwa, mbele ya wapita njia. Akabonyeza vibonyezo vya mwangaza. Akahakikisha pia kwamba kihisi cha kifuniko hakidhani mashini imefungwa.

"Ekra iko bien, dada," akasema. "Ni kamwangaza kake tu kalizimika. Ni kaproblemi."

Alinieleza akiwa anafungua skrubu. Ekra ya namna hii haitoi mwanga wake yenyewe. Ni kama kioo cha dirisha kilichochorwa: picha iko pale, lakini mtu wa chumbani haoni kitu mpaka nje kuwe na mchana. Mchana huo hutoka kwenye safu ya taa ndogo sana ukingoni mwa ekra, na karatasi za plastiki zilizo nyuma huusambaza sawasawa. Picha na mwanga hupata umeme kwa njia mbalimbali, ndiyo maana kimoja chaweza kufa na kingine kikabaki.

Aliweka ncha za mita yake karibu na soketi ya kable ya ekra, juu ya kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Upande mmoja volti 19, upande wa pili sufuri. Kafizibule kameungua, akasema. Nikadhani tumemaliza, nikamwuliza kama anayo nyingine. Alinitazama kwa huruma. Fizibule haiungui bure, kuna kitu kilichoiunguza, na ukiibadilisha bila kukitafuta, kesho utarudi unalia. Akachomoa chaji na betri, akaifuata kable hadi kwenye bawaba. Pale ilikuwa imechubuka kwa kufunguliwa na kufungwa kila siku, uzi wa shaba ukigusa chuma.

Alipokuwa akiufunga kwa utepe na kuchomelea fizibule aliyoitoa katika mashini nyingine iliyokufa, mimi nilikuwa nawaza neno lake, kaproblemi. Tatizo hilo halikuwa dogo kwangu, naye alilijua, kwa sababu nilikuwa nimemsimulia juma langu lote. Hakuwa anapima tatizo. Alikuwa ananituliza mimi. Na yule mama wa Katuba? Mtoto alikuwa amepona, na mama alikuwa akimweleza mtu mgeni mwenye kinasa sauti. Kwa kusema kamalaria alikuwa akiniondolea wajibu wa kuhuzunika. Viambishi hivyo vyenyewe tunavipata kwa majirani zetu, katika Kiluba na Kibemba, na matumizi kama haya hata bibi yangu angenieleza kama ningemwuliza. Nilikuwa nimeuliza wenzangu wa darasa, wakajibu udogo, nikaandika udogo.

Ekra ikawaka. Mzee akaufuta mkono wake kwa suruali.

"Lete tudola kumi na tano."

Tudola! Kiambishi kile kile, na safari hii aliyetakiwa kutulizwa ilikuwa mfuko wangu. Nami nikajibu kwamba nina tudola kumi tu, akacheka, tukakubaliana kumi na mbili. Nikamwomba ruhusa ya kuandika sentensi yake. Profesa anayeniongoza alinipa siku nne zaidi, akaniambia nisiandike upya sura nzima, niifungue tu ile iliyofungwa katika ukurasa wa 41. Mifano sasa ni 21. Wa mwisho ni wa kwangu mwenyewe, na bado sijui kama inaruhusiwa.