Bibi aliponiuliza maana yake

Haya wadau, nimerudi Mlimani. Wiki nane za TP zimeisha, bumu liliisha kabla yake, na vumbi la Kusini bado linatoka kwenye begi kila nikilikung'uta. Mlioniuliza kama nimeshaoa Mmakonde, jibu ni bado. Leo nina jambo moja tu la kusimulia, la mtoto wa kidato cha kwanza na tusi la Kiingereza. Limenikaa rohoni tangu Agosti, na mwenzangu wa chumba ameshachoka kulisikia, kwa hiyo sasa zamu yenu.

Kwa wasiopajua: ukitoka Dar unavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, unapita Mingoyo, unaiacha njia ya Mtwara, unafika Masasi mgongo umekufa ganzi. Ni mji uliozungukwa na majabali makubwa utadhani yaliangushwa kutoka juu. Mkapa mwenyewe kwao ni Lupaso, huko huko Masasi, na Makerere alisoma Kiingereza akamaliza 1962, kwa hiyo msije mkadhani Kiingereza kule kimefika jana. Ukiwa Masasi unapanda Coaster ya kwenda Newala, gari linapanda milima taratibu, kibaridi kinaanza, na mikorosho haiishi. Shule yangu iko kati ya miji hiyo miwili. Jina lake naliweka mfukoni, mtaelewa kwa nini.

Sasa pale shuleni kuna sheria, Kiswahili mwisho getini. Anayekamatwa akikiongea anavishwa kibao cha mbao shingoni, anatembea nacho mpaka amkamate mwenzake. Hebu fikirieni. Mtoto amesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, nyumbani ni Kimakonde, anafika kidato cha kwanza anapewa wiki chache za kozi ya utangulizi, halafu Biolojia Kiingereza, Jiografia Kiingereza, Hisabati Kiingereza. Wanachofanya ni kunyamaza. Ukiuliza "Andastendi?" wanaitikia "Yesi sa!" kwa pamoja, bati linatetemeka, na hakuna aliyeelewa. Wiki mbili za mwanzo nilifundisha kama mtu anayehutubia makaburi.

Isipokuwa dogo mmoja. Mdogo wa umbo, sare imemzidi, anakaa dawati la nyuma dirishani. Huyu alikuwa anaongea. Anakosea kila kitu, wakati uliopita anaupeleka ujao, lakini mkono uko juu. Walimu mnajua thamani ya mtoto kama huyo, darasa zima linampanda mgongoni.

Wiki ya tatu, asubuhi, watoto wanaleta maji. Kule ndoo ya maji ni mali, mtu kaitoa mbali kichwani. Dogo anafika karibu na ofisi, kajikwaa, ndoo chini, maji yote mchangani. Akasimama, akayatazama yanavyozama, kisha akatamka lile neno la F. Mnalijua, silitaji. Kulitamka kwenyewe sasa! Huyu huyu ambaye "three" kwake ni "siri", hili lilitoka kama kazaliwa Brooklyn.

Mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Hilo liandikeni pembeni, nitalirudia.

Nadhani kicheko changu ndicho kilichofanya kazi, maana ndani ya wiki moja neno limeenea darasa zima. Na si kwa hasira, hapana. Walilitumia kama chumvi. Nikiuliza hali, mtoto anajibu kwa Kiingereza kwamba hajambo, ila katikati kalichomeka lile neno, tena na "ing" yake mahali pake kabisa. Nimehangaika wiki mbili na hiyo "ing" kwenye vitenzi vya kawaida, haikuingia hata kidogo! Huku wameijua bila ubao wala chaki. Nikamwita dogo pembeni.

"Hilo neno maana yake nini?"

Akafikiri. "Ni kama 'jamani', mwalimu."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona. Mtu akidondosha kitu anasema. Akifukuzwa anasema. Akifurahi sana naye anasema. Si ndiyo jamani?"

Kusema kweli sikuwa na jibu. Alikuwa amefanya kile tunachoambiwa kwenye lekcha kwamba mjifunza lugha akifanye, yaani kusikiliza matumizi, kukusanya mifano na kukisia maana. Kama ungekuwa mtihani ningempa A. Kwa ushahidi aliokuwa nao, ni "jamani" kweli.

Ushahidi wenyewe niliufuata Jumamosi iliyofuata, nilipoteremka Masasi kununua manila na kumwona mwenzetu mmoja aliyepangiwa huko. Tukaingia kibanda umiza. Mmesahau nini? Mabenchi, joto, spika inakoroma, na picha ya Kimarekani iliyotafsiriwa kwa sauti, ile kazi iliyompa jina Lufufu. Mfasiri anaongea juu ya kila kitu, anaongeza na vichekesho vyake ambavyo kwenye picha havimo. Lakini nikagundua kitu. Jambazi akitukana, mfasiri ananyamaza, au anasema tu "hapo jamaa kachukia". Ana adabu zake, ukumbini kuna watoto. Kwa hiyo katika picha nzima maneno ya Kiingereza yanayosikika peke yake, safi, bila Kiswahili juu yake, ni matusi. Saa moja na nusu ya Kiingereza na yanayopenya ni hayo tu! Ongezeni na simu za kaka zao, miziki ya kurushiwa kwenye memori kadi kwa mia tano, mtaona shule halisi ya Kiingereza iko wapi. Na kule hakuna kibao cha shingoni.

Nilipanga Jumatatu nilizungumze darasani. Sikulizungumza. Nilikuwa na andalio la somo la kumwonyesha mkaguzi wangu kutoka chuo, nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na mgeni.

Mgeni mkubwa wa elimu alipita madarasani. Akaingia kwangu, akauliza kwa Kiingereza shule yenu ikoje. Kimya. Mkono mmoja juu, wa nani, mnajua. Akasimama wima, mikono nyuma, akatoa sentensi nzima iliyonyooka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu: shule yetu ni nzuri sana, bwana. Na kabla ya "nzuri" akatia chumvi.

Mgeni alikohoa. Mwalimu wa nidhamu, aliyekuwa mlangoni, akabadilika rangi.

Kesho yake bibi yake akaitwa. Dogo analelewa na bibi, wazazi wako mashambani mbali. Bibi alikuja kwa miguu, khanga mbili, kandambili mkononi ili zisichakae njiani, akazivaa mlangoni. Ofisini tulikuwa mkuu wa shule, mwalimu wa nidhamu, dogo amesimama kona, na mimi kama mwalimu wa somo. Shikamoo zikapita, marahaba zikarudi. Bibi akamtazama mjukuu.

"Haya, nnume wangu kafanya nini?"

Ndivyo anavyomwita, mume wangu, kwa ile "nn" ya kwao. Bibi na mjukuu ni watani, wanaruhusiwa.

"Ametukana mbele ya mgeni," akasema mwalimu wa nidhamu. "Tusi zito. La nguoni."

"Kasemaje?"

Kimya. Mwalimu wa nidhamu akalitazama dari. Mkuu akapanga kalamu. Bibi akauliza tena, maana ametembea njia yote hiyo na ni haki yake ajue. Ndipo mwalimu wa nidhamu akanigeukia. "Mwalimu wa Kiingereza atafsiri."

Wadau, nilitokwa jasho na Agosti kule ni baridi. Neno hilo nimelisikia mara elfu, nimelisema mwenyewe hapa Bloku matokeo yakitoka, halijawahi kuniwasha hata ulimi. Lakini kwa Kiswahili, mbele ya mama mtu mzima aliyeniitikia marahaba! Lilifika kooni likasimama. Nikaona wazi kwamba ofisi nzima hakuna anayeweza kulisema, na tulikuwa tumemweka mtoto kona kwa sababu alilisema.

Nikasema, "Bibi, ni tusi la Kizungu."

"La Kizungu lipi? Bladifuli?"

Mkuu akaangusha kalamu. Bibi akaendelea bila wasiwasi. Baba yake alifanya kazi kwa Waingereza kwenye ule mradi wa karanga wa Nachingwea, ule ulioanza 1947 na kufa 1951 kwa hasara kubwa. Msimamizi aliwaita wote bladifuli kutwa nzima. Mzee akarudi nyumbani na neno lake, akawa analitumia kwa mbuzi. Mbuzi akichelewa zizini, bladifuli! Wao watoto wakaelewa maana yake ni "fanya haraka", wakaambiana hivyo kisimani mpaka wamekuwa wasichana. "Hakuna aliyetupiga," akasema. "Mzungu aliyetukana hakupigwa, na sisi tulioliokota hatukupigwa."

Kisha akamgeukia mwalimu wa nidhamu, kwa upole kabisa: "Kiingereza tumewaachia nyie mumfundishe. Mimi nimemfundisha la kwetu. La kwetu hajakosea."

Na kweli. Nimekaa kule, nimeona kidogo. Mtoto wa Kimakonde anajua sana mambo ya matusi, anajua lipi ni la utani na bibi, lipi halisemwi mbele ya mama mkwe, na kwamba zipo nyimbo za jando na unyago zenye maneno ambayo nje ya siku ile na mahali pale hayatamkwi. Hayo hafundishwi na filamu, anafundishwa na watu wenye kazi hiyo, na anayashika. La Kiingereza limemfikia peke yake, hakuna aliyekuja nalo kumwambia hili la nani na la wapi. Aliyepaswa kumwambia alikuwa ameshika nguzo anacheka.

Niliporudi maktaba nikakuta kumbe jambo hili wameshalipima. Catherine Harris na wenzake, Boston, 2003, waliwachukua Waturuki waliojifunza Kiingereza ukubwani, wakawawekea vipimo vya ngozi vidoleni na kuwasomea maneno kwa lugha zote mbili. Ngozi ilishtuka zaidi kwa lugha ya nyumbani, hasa yale makaripio ya utotoni. Mimi sikuhitaji kipimo, shati lilikuwa limeloa.

Mtataka kujua iliishaje. Kanuni za 2002, tulizisoma mwaka wa pili, zinasema viboko visizidi vinne, atoe mkuu au aliyemwandikia idhini, na viandikwe kwenye daftari. Mkuu akasema kwa heshima ya bibi viwe viwili. Vikaandikwa: "lugha ya matusi". Panahitajika sahihi ya shahidi. Nikasaini.

Hapo ndipo panaponiuma. Ningeweza kusema, mkuu, mtoto huyu wiki mbili zilizopita alinieleza neno hili ni "jamani", na mimi nilijua na sikumrekebisha, tena nilicheka. Sentensi moja tu. Lakini fomu yangu ya tathmini ilikuwa kwenye droo ya meza ile ile, haijajazwa. Bibi alinitazama nikiandika, hakusema kitu, akavua kandambili, akaondoka.

Fomu ilijazwa vizuri tu, asanteni.

Wiki mbili zilizobaki dogo hakunyanyua mkono. Hakununa, shikamoo alinipa kila asubuhi, madaftari alikusanya. Nilimuuliza maswali mepesi makusudi, anasimama, anatazama dirishani, nasubiri, namwambia kaa. Na wale wengine waliokuwa wanampanda mgongoni wakatulia pia. Tusi likaisha kabisa shuleni, nakiri, hatua ilifanya kazi. Kiingereza nacho kikaisha. Tukarudi kwenye yesi sa.

Siku ya kuondoka alikuja mwenyewe kunisaidia begi mpaka barabarani. Tukakaa chini ya mkorosho kungoja Coaster. Nikamwambia kwa Kiswahili, getini tulishatoka, kwamba lile kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lake. Akachora mchangani kwa kijiti, akasema "sawa mwalimu", vile mtoto anavyosema sawa ili mkubwa anyamaze.

Coaster ikatokea, nikapunga mkono, begi begani, nikakimbia. Imejaa, konda kaning'inia mlangoni, haikusimama hata kidogo, ikatumwagia vumbi na kupotea. Na mimi, mwalimu mtarajiwa, likanitoka lile lile, kubwa, barabara nzima.

Dogo akageuka kutazama upande wa shule, kisha upande wa pili.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hilo ni viwili."

Gari nyingine ilikuja saa tisa alasiri. Nilisimama mpaka Masasi.