Mark X na nambari iliyorudi nyuma

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata na bado nadaiwa. Leo nitazungumzia gari, lakini mkinivumilia mtaona hatujatoka mbali na hifadhidata.

Juma lililopita niliuza gari langu, Toyota Mark X ya mwaka 2012. Nilikuwa nimekaa nalo tangu Januari 2023. Wengi mmekuwa mkiniuliza kama gari la aina hiyo linafaa kwa kijana aliyeajiriwa Nairobi. Nitajibu, ila jibu lina hadithi ndani yake.

Kwanza, kwa nini Mark X? Kila mtu ana mjomba mwenye Premio. Mimi nilitaka kitu kikubwa kidogo: injini ya lita 2.5, silinda sita, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Ni ujana tu, sitaficha. Mama alipoliona mara ya kwanza kule Kitale alilizunguka mara moja, akaniuliza, "Mwanangu, hii si ndiyo gari ya wale vijana wanaokufa kila Krismasi?" Sikuwa na jibu. Nilimwahidi kwamba sitapita 100, na ahadi hiyo nimeitimiza (karibu siku zote).

Kuagiza kutoka Japani nilikuwa nimeshapiga hesabu nikaona siwezi. Wasioelewa ushuru wetu, hebu tuangalie. Ushuru wa forodha siku hizi ni asilimia 35 (ulikuwa 25 hadi Julai 2023). Juu ya jumla hiyo unaongezwa ushuru wa bidhaa, asilimia 25 kwa injini kama ile. Juu ya jumla mpya unaongezwa VAT, asilimia 16. Yaani kila kodi inatozwa kodi. Gari ambalo KRA wamelipa thamani ya shilingi milioni moja linafika 1,957,500 kabla hujagusa ada ndogo ndogo. Tena sheria inataka gari lisizidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo nikaamua kununua lililokwisha kutumika hapa hapa Kenya.

Nililipata katika yadi moja jijini. Bei shilingi 1,550,000. Akiba yangu ya miaka minne ilikuwa 650,000. Zilizobaki, 900,000, nilikopa Sacco, na wenzangu watatu kazini wakatia sahihi kunidhamini. Liliingia nchini 2019, rangi nyeusi, viti safi, na dashibodi ilisoma kilomita 78,400. Nambari hiyo ndiyo iliyoniuzia gari. Niliirudia kwa kila aliyeniuliza: "Elfu sabini na nane tu!"

Sasa tuje kwenye kuliendesha. Barabara kuu ni raha tupu. Ukitoka Nakuru kupanda kuelekea Mau Summit, nyuma ya msururu wa malori, ndipo unaelewa ulicholipia. Nafasi ikipatikana unakanyaga kidogo tu na lori limebaki nyuma, bila ile dua niliyokuwa nikisoma kwenye gari dogo la rafiki yangu. Nilikuwa nikipata kama kilomita 11 kwa lita.

Mjini ni kilio. Ninaishi Ruiru na ofisi ilikuwa Westlands, kama kilomita 60 kwenda na kurudi. Kwenye foleni ya Thika Road sikuwahi kupita kilomita 7 kwa lita. Septemba 2023 petroli ilipovuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza, nilikuwa nachoma kama 1,800 kwa siku. Nikaanza kupanda matatu siku tatu kwa wiki, gari limeegeshwa nyumbani, mkopo unakatwa kama kawaida. Ikifika tarehe 14 ya mwezi, EPRA wanapotangaza bei, nilikuwa nasubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Halafu gari liko chini. Matuta ya kwetu kijijini yalikuwa yakilikwaruza tumbo mpaka nasikia uchungu mimi mwenyewe.

Hayo yote niliyakubali. Kilichonishinda kilikuja mwezi wa saba baada ya kununua.

Nilikuwa nimelipeleka kwa fundi abadilishe bushi za mbele. Ni mzee mtaratibu, haongei sana. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akapapasa usukani, akaangalia mpira wa pedali ya breki, kisha akatazama dashibodi.

"Kijana, hii gari imetembea."

"Imetembea elfu tisini hivi, mzee."

"Hiyo ni dashibodi inasema," akajibu, akarudi chini ya gari.

Usiku ule sikulala. Nilichukua namba ya chasisi, nikailipia dola chache mtandaoni, nikapata nakala ya karatasi ya mnada. Kwa wasioijua: magari mengi tunayoletewa hupitia minada kule Japani, na mkaguzi hujaza karatasi moja yenye daraja la gari, mchoro wa kila mkwaruzo, na kilomita zilizotembea. Langu lilipata daraja 4, ambalo si baya hata kidogo. Kilomita, mwaka 2019: 131,000.

Soma tena. Mwaka 2019, kilomita 131,000. Mwaka 2023, kilomita 78,400. Gari langu lilikuwa limetembea miaka minne Kenya kinyumenyume.

Hapa ndipo niliposikia aibu ya kitaaluma. Kazi yangu wakati ule ilikuwa mifumo ya malipo. Kanuni ya kwanza unayofundishwa ni kwamba muamala haufutwi wala haurekebishwi. Ukikosea, unaandika muamala mwingine wa kurudisha, na yote mawili yanabaki pale, yakionyesha nani alifanya nini na saa ngapi. Na kwenye gari? Ile nambari imehifadhiwa katika chipu ndogo ya kumbukumbu nyuma ya dashibodi. Mwenye kifaa cha kuandikia chipu hiyo anaweka nambari anayotaka, kazi ya dakika chache, na hakuna rekodi ya aliyeibadilisha. Ofisini nisingekubali salio lililohifadhiwa hivyo hata kwa siku moja. Yadini nililipa milioni moja na nusu.

Nilirudi pale. Walikuwa wapole sana. Walinionyesha mkataba niliotia sahihi, kwamba nimelikagua gari na nimeridhika nalo jinsi lilivyo. Walisema wao walilipokea hivyo hivyo. Inawezekana ni kweli. Inawezekana ni aliyeliagiza, au mwenyewe wa kwanza. Bila rekodi, kila mtu ni msafi.

Basi nikaendelea kuliendesha, na nisiseme uongo, gari halikunisumbua. Nilibadilisha oili mapema kuliko inavyotakiwa, oili ya giaboksi pia, na kila kitu nikakiandika kwenye daftari.

Mwaka huu kampuni yetu ilipunguza wafanyakazi na mimi nikawa mmoja wao. Mkopo ulikuwa bado, na nyinyi mnajua maana ya kushindwa kulipa Sacco: wanakwenda kwenye akiba ya wadhamini. Wenzangu watatu, mmoja wao akiwa na mtoto mchanga. Ikabidi gari liuzwe, tena haraka.

Nikaandika tangazo. Mark X 2012, nyeusi, safi, kilomita 109,400. Sikuongeza neno. Nilijiambia si uongo, ndivyo dashibodi inavyosema.

Walikuja Jumamosi, kijana mmoja muuguzi na baba yake, mwalimu mstaafu. Lilikuwa gari lake la kwanza. Tulilizungusha hadi Juja na kurudi. Tukakubaliana 1,340,000. Kijana alikuwa anatabasamu vile nilivyotabasamu mimi, na nikamsikia akimwambia mama yake kwa simu, "Imetembea laki moja na kitu tu!"

Mzee alikuwa amekaa mbele, mkono wake uko kwenye usukani. Hakusema lolote. Labda hakuwa anafikiria chochote. Lakini ile karatasi ya mnada ilikuwa kwenye droo ya dashibodi, karibu na goti lake, na mimi nilikuwa najua iko pale.

Nikafungua droo nikampa. "Samahani mzee, kuna kitu sikuandika kwenye tangazo."

Walitoka nje wakaongea kando kama nusu saa. Waliporudi bei ilikuwa 1,180,000. Mzee aliniuliza, "Kwa nini hukutuambia kwenye simu?" Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa nataka hela. Akatikisa kichwa. Tukaandikiana, kilomita za dashibodi na za karatasi zote mbili zikaingia kwenye mkataba. Daftari langu pia niliwapa.

Kwa hiyo nimepoteza 160,000 nikiwa sina kazi, sawa na kodi ya nyumba ya miezi mitano. Deni la Sacco limeisha na wadhamini wangu wako huru. Zilizobaki zinatosha kunisogeza kidogo. Sisemi haya ili nisifiwe, maana tangazo niliandika mwenyewe na nililiacha hewani siku tisa.

Kwa wanaotafuta gari la namna hii, fanyeni haya:

1. Omba namba ya chasisi na utafute karatasi ya mnada KABLA ya kulipa. Dola chache tu. Muuzaji akikataa kutoa namba, ondoka.

2. Tafuta rekodi ya gari NTSA kupitia eCitizen, uone jina la mwenyewe, na kama kuna benki au Sacco inayolidai.

3. Tazama visivyoandikwa upya: usukani, pedali, kiti cha dereva. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji.

4. Anza daftari lako siku ya kwanza. Tarehe, kilomita, kilichofanywa, risiti.

Na je, ningenunua Mark X tena? Kwa safari za Kitale, ndiyo. Kwa foleni ya Thika Road, hapana. Kwa sasa napanda matatu, na kama kuna anayetafuta mwandishi wa programu, mnajua pa kunipata.

Sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja. Safari hii nina mfano mzuri.